Mkuku Ukiwa Mzima, Chombo Hakijafa

Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi cha kila siku, vyombo vikubwa hupandishwa pwani ya Nungwi, kaskazini ya Unguja. Maji yakishakupwa, jahazi linabaki limelala ubavu mchangani, limeegemezwa kwa magogo, tumbo wazi mbele ya kila apitaye. Hapo hakuna siri tena. Misumari imemwaga kutu, pamba imechomoka katika maungio, na mbao za chini zimetobolewa na wadudu wa baharini zikawa kama sega la nyuki. Mwenye chombo anasimama kando, kimya. Anayesubiriwa aseme ni fundi.

Kwa watu wa pwani hiyo, wengi wao Watumbatu wenye sifa ya ubaharia tangu zamani, chombo kikongwe hakihukumiwi na mwenye mali peke yake, wala umri wake si hoja. Lipo jahazi la miaka mingi linalokwenda Bagamoyo na kurudi salama, na ipo mashua changa iliyokufa kwa kukosa matunzo. Ziko sauti tatu za kusikilizwa kabla ya neno la mwisho kutoka: ya fundi, ya mabaharia na ya warithi.

Fundi huanzia chini. Hushika nyundo akagonga mkuku, ule mti wa chini kabisa, kutoka omo hadi tezi, sikio likiwa karibu na mti. Mti mzima hulia. Uliooza mlio wake hufa papo hapo. Panapomtia shaka huchoma kwa ncha ya patasi aone inazama kiasi gani. Kutoka mkukuni hupanda kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, moja baada ya jingine, na mbao za ubavuni huzitazama mwisho kabisa. Mbao ni nguo, huvuliwa zikavaliwa nyingine. Taruma likioza huchongwa la badala yake. Lakini mkuku ndio uliobeba vyote hivyo, na ukiharibika, kuutengeneza ni sawa na kuunda chombo upya. Ndiyo maana swali la mwenye jahazi huwa fupi:

“Mkuku vipi, fundi?”

“Mzima, ami. Mataruma sita hayafai.”

Mataruma sita maana yake ni miti. Taruma zuri halipindwi kwa moto, hutafutwa likiwa limejipinda lenyewe katika tawi la mwembe, mfenesi au mtondoo. Fundi huzunguka mashambani akitazama miti kama mshonaji anavyotazama kitambaa: hili tawi ni taruma la tumboni, lile ni la karibu na omo. Mbao za ubavuni hutakiwa za mti mgumu kama mvule, na nyingi hutoka Bara. Unguja ni kisiwa cha kilomita za mraba 1,600 hivi, na miti mikubwa iliyobaki haikatwi bila kibali. Kwa hiyo kabla hajataja fedha, fundi huhesabu miti, na mara nyingi miti ndiyo inayoukata mjadala.

Sauti ya pili ni ya mabaharia, na haki yao ya kusema hutoka katika desturi ya mafungu. Chombo cha kuvua kikirudi, hutolewa kwanza gharama za safari. Kinachobaki hugawanywa mafungu, na chombo chenyewe hupata fungu lake kama mmoja wa wafanyakazi. Fungu hilo hupokewa na mwenye chombo, lakini kazi yake inajulikana: tanga jipya, kamba, kalafati, mbao. Mabaharia waliokiachia chombo fungu kila safari kwa miaka kadhaa wanajua walichokiwekea. Tajiri akija kulalamika kuwa hana cha kumlipa fundi, hawamjibu kwa ukali, hutazamana tu. Kila mtu pwani ameshaelewa nani amekula fungu la chombo.

Matunzo yenyewe hayana maficho. Chombo kinachotunzwa hupandishwa kila baada ya muda, kikakwanguliwa uchafu uliogandia chini, kikapashwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kikatiwa kalafati ya pamba iliyorowekwa mafuta, kisha kikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Juu ya maji mbao hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake hukutana nawe bandarini Malindi, mjini Zanzibar, kabla hujaliona jahazi. Anayeruka zamu mbili tatu za kazi hii hukutana na fundi akihesabu mataruma.

Sauti ya tatu huleta ugumu mkubwa zaidi. Mwenye chombo akifariki, chombo huwa mirathi, na sheria ya Kiislamu huwapa wanawe mafungu, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Nyumba inaweza kukaliwa na watano, lakini jahazi haliwezi kwenda pande tano. Mmoja yuko Mjini na anataka fedha yake, mwingine ni nahodha na anataka kusafiri, dada yao amekaa kimya akingoja haki yake. Wakati wanavutana, chombo kimelala juani, mbao zinakauka na kupasuka. Wazee husema chombo huuawa zaidi na ugomvi wa nchi kavu kuliko dhoruba. Busara iliyozoeleka ni anayekitaka kuwalipa wenziwe thamani yake kama kilivyo sasa, kabla jua halijaishusha.

Kisiwa hiki kimeona hukumu za namna hii hata kwa vyombo vya wafalme. Sultana, merikebu ya Sultani Sayyid Said iliyoundwa Bombay mwaka 1833, ilifika New York mwaka 1840 ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Ilikuwa imechakaa kwa safari, na Wamarekani wakaitengeneza katika karakana ya jeshi lao la majini ili iweze kurudi Zanzibar. Ilirudi. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza merikebu za Sayyid Barghash, sultani wa wakati huo, naye akaagiza Uingereza merikebu mpya, Glasgow, iliyofika mwaka 1878. Hakupendezwa nayo. Ikatia nanga mbele ya Mji Mkongwe na kukaa miaka bila kazi ya maana, hadi mizinga ya Waingereza ilipoizamisha katika vita vifupi vya tarehe 27 Agosti 1896. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini hadi mwaka 1912, mabaki yalipoondolewa. Moja ilitengenezwa kwa sababu ilikuwa na safari. Nyingine haikuwa na pa kwenda.

Chombo kikishakatiwa tamaa, desturi haikitupi ovyo. Kilicho kizima hufunguliwa: mlingoti, foromali, usukani na mataruma mazuri huweza kuingia katika chombo kingine. Siku hizi yuko mnunuzi mwingine. Mbao kuukuu za majahazi hugeuzwa meza, vitanda na viti vya hoteli, na ngalawa iliyochoka huishia bustanini ikiwa imejazwa udongo na maua. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni dhihaka. Mimi siwalaumu wauzaji, maana mbao ya mvule iliyokaa baharini ni mali, na mwenye njaa hali kumbukumbu. Ninachohofia ni hesabu nyingine: mbao ya chombo kibovu ikilipa zaidi kwa seremala wa samani kuliko chombo kizima kinavyolipa baharini, hakuna atakayemwita fundi.

Tena zipo boti za faiba, ambazo serikali imekuwa ikiwagawia wavuvi na wakulima wa mwani chini ya sera ya uchumi wa buluu. Hazitaki mvule wala pamba, na mvuvi anayezipenda ana haki yake. Lakini tumekwishaona ufundi ukitoweka. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulivuka bahari hii kwa karne nyingi kisha ukaisha katika karne ya ishirini. Mwaka 2003 iliundwa nakala ikawekwa Beit al Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaanguka. Makumbusho huhifadhi umbo la chombo. Mkono unaokiunda hauhifadhiki humo.

Kwa hiyo ukiwa na mashua iliyolala pwani, ya babako au ya kununua, usingoje iamuliwe na jua. Mwite fundi bamvua ijayo aigonge mkuku. Akisema umekufa, ifungue upesi, mataruma mazima yapate chombo kingine. Akisema mzima, tafuta miti na uwalipe ndugu zako. Kwa vyovyote, siku hiyo mchukue kijana mmoja wa nyumbani kwako, akae karibu na ile nyundo, ajifunze mti mzima unavyolia.