Lawama yenye Adabu: Namna Kiswahili Kinavyomsaidia Mteja Kumwambia Mpishi Ukweli

Utangulizi

Mtu anayekula mara kwa mara katika mkahawa mmoja huingia, bila mkataba wowote wa maandishi, katika uhusiano unaokaribia ule wa jamaa. Mwenye mkahawa hujua mahali anapopenda kuketi. Mhudumu humletea pilipili kabla hajaiomba. Ndiyo sababu chakula kibaya katika mkahawa huo humtatiza kuliko chakula kibaya cha mahali pageni. Mahali pageni mtu hulipa, huondoka, na habari imekwisha. Mahali apendapo hubaki na swali: je, aseme au anyamaze? Na akisema, aseme namna gani asimvunjie heshima mtu aliyemlisha kwa miaka mingi?

Makala haya yanalichukua swali hilo kuwa swali la lugha. Hoja yake ni moja: Kiswahili kimempa mzungumzaji vyombo vya kutosha vya kutenganisha kosa na mkosaji, na vyombo hivyo vimo katika sarufi yenyewe. Hata hivyo, adabu inayotumika kulificha kosa si adabu tena, kwa maana humwacha mpishi gizani. Mifano inatolewa katika mazingira ya Lubumbashi, ambako ugali huitwa bukari, na mkahawa huitwa resto.

1. Gharama ya kunyamaza

Mnamo 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alieleza kwamba mteja asiyeridhika ana njia kuu mbili: kuondoka au kusema. Kuondoka ni rahisi, lakini hakumfundishi mwenye duka kitu. Kusema ni kugumu zaidi, na kinachomsukuma mtu kuchagua njia hiyo mara nyingi ni uaminifu wake kwa mahali anapopalaumu. Kwa maneno mengine, mtu hujisumbua kulalamika pale anapotaka kurudi.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa mkahawa mdogo. Mama mwenye meza sita na majiko mawili ya makaa hana ofisi ya kupokea malalamiko. Wateja watano wakiacha kuja, yeye huona tu kwamba jioni sufuria imebaki na chakula. Hawezi kujua kama sababu ni chumvi, ni bei, au ni mishahara ya wateja iliyochelewa. Huenda akapunguza bei ilhali kosa lilikuwa chumvi. Hapo atapata hasara mara mbili, na wateja hawatarudi. Kimya cha wateja wake, ambacho wao wenyewe hukiita upole, kinaweza kumfungia biashara inayosomesha watoto wake.

Kwa nini basi watu hunyamaza? Wahenga wamekwisha kujibu: uso umeumbwa na haya. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti wao juu ya adabu uliochapishwa mwaka 1978 na kutolewa upya kama kitabu mwaka 1987, waliuweka uso katikati ya nadharia yao, wakifuata mawazo ya Erving Goffman. Kila mtu, wasema, anataka mambo mawili: kukubaliwa na wenzake, na kuachwa huru bila kusukumwa. Lawama hugusa yote mawili. Humwambia mpishi kwamba kazi yake haikukubalika, tena humtaka afanye jambo ambalo hakulipanga. Mlaumu naye ana uso wake, maana anaogopa kuonekana mwenye majivuno au mchoyo anayetafuta kupunguziwa bei. Lugha ndiyo inayoweza kuzilinda nyuso zote mbili.

2. Kosa bila mkosaji

Tazama jozi zifuatazo za sentensi:

Umezidisha chumvi. / Chumvi imezidi.
Umeunguza samaki. / Samaki ameungua.
Umepoza bukari. / Bukari umepoa.
Umechelewesha chakula. / Chakula kimechelewa.

Habari ni ile ile, lakini upande wa kushoto kiambishi u- kinamnyoshea mtu kidole. Upande wa kulia, chumvi, samaki, bukari na chakula ndivyo vilivyobeba kitenzi, na mtu ametoweka. Hakuna neno lililolainishwa: samaki ameungua kweli. Kilichobadilika ni mtajwa tu.

Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kauli ya kutendwa ingefaa vile vile: Chumvi imezidishwa. Haifai, na sababu yake ni ya kisarufi. Kauli ya kutendwa humficha mtendaji, lakini huacha kiti chake wazi. Msikilizaji aweza kuuliza mara moja, imezidishwa na nani? Husemwa sahani imevunjwa na mhudumu, lakini haisemwi sahani imevunjika na mhudumu. Kauli ya kutendeka, pamoja na vitenzi vya asili visivyohitaji mtendaji kama kuungua, kupoa na kuzidi, haiachi kiti hicho. Kwa hiyo kwa mteja mwenye adabu inafaa kuliko kauli ya kutendwa.

Inapasa kukumbuka pia kwamba chombo hiki hukata pande mbili. Mhudumu asemaye sahani imevunjika, badala ya nimeivunja, anakitumia kujikinga mwenyewe. Kumwondolea mwenzako lawama ni adabu; kujiondolea mwenyewe ni kukwepa. Mpishi aliyeambiwa kwa upole chumvi imezidi hujibu kwa uungwana zaidi akisema nimekosea kuliko akirudia tu kwamba kweli imezidi.

3. Amri, ombi na kivuli cha historia

Baada ya kulitaja kosa, mara nyingi huja ombi: chakula kipashwe moto, sahani ibadilishwe. Hapa mzungumzaji ana ngazi nzima ya kupanda. Chini kabisa ipo amri tupu: Badilisha! Juu yake ipo Nataka unibadilishie, kisha Naomba unibadilishie, kisha Ningeomba nibadilishiwe, ambapo hali ya -nge- huliweka ombi mbali kidogo na kauli ya kutendwa humwondoa mtendwaji wa amri. Anayejua Kifaransa atatambua umbali uliopo kati ya je veux na je voudrais. Nataka na ningependa vina umbali huo huo.

Katika Katanga amri tupu ina kumbukumbu yake. Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ilikua pamoja na migodi ya shaba, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Vitabu vingi vidogo vya mazungumzo vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa enzi hiyo vilijaa amri: lete, ondoa, upesi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, alivichunguza vitabu vya namna hiyo. Mteja anayemwita mhudumu kwa kidole na kusema Lete chumvi! huenda hajui kwamba anarudia sauti ya bwana wa zamani, lakini anayesikia aweza kuijua.

Kiswahili cha Katanga chenyewe kimejitengenezea dawa. Mara nyingi mtu mmoja huambiwa kwa nafsi ya wingi, Mama, munisaidie, ambapo mu- ya wengi imekuwa mu- ya heshima. Majina ya ukoo nayo hufanya kazi kubwa. Kumwita mwenye mkahawa mama, na mhudumu ndugu au yaya, ni kuingiza lawama ndani ya nyumba, ambako watu wana haki ya kuambiana ukweli bila kuachana. Lakini jina la ukoo lazima lichaguliwe vizuri. Mteja amwitaye kijana wa miaka 25 mtoto wewe amemshusha, hata kama maneno yafuatayo ni matamu. Kadhalika, mteja aliyeanza kwa Kiswahili kisha akahamia Kifaransa wakati wa kulaumu aweza kuonekana amepanda juu ya kiti ili azungumze na mpishi aliye chini.

4. Hatari ya neno kidogo

Neno kidogo ni mto laini wa Kiswahili. Husemwa subiri kidogo, nisaidie kidogo, na hakuna anayelipima kwa saa au kwa kilo. Lakini katika lawama lina mtego. Mteja akisema chumvi imezidi kidogo ilhali samaki hakulika, mpishi ana haki ya kuelewa kwamba kosa ni dogo, na kesho atapunguza chembe tatu za chumvi. Mteja atarudi, atakuta chumvi ile ile, naye atakasirika: si nilimwambia?

Kanuni inayoweza kutolewa ni hii: ulaini uwekwe kwenye namna ya kusema, usiwekwe kwenye kipimo cha kosa. Naomba kusema nawe kidogo. Chumvi ilizidi mno. Hapo kidogo kimelainisha mazungumzo, na mno imelinda ukweli. Vivyo hivyo labda na nadhani vifae kwa mapendekezo, ambayo mteja hana uhakika nayo, wala visifae kwa yale ambayo ulimi wake umeyaonja.

Neno jingine la kuangaliwa ni mbona. Mbona chakula kimechelewa? lina sura ya swali, lakini ndani yake mna hukumu. Halingoji jibu, linangoja kujitetea. Anayetaka kujua sababu kweli ataeleza kwanza lililotokea, kisha atanyamaza ampe mwenzake nafasi.

5. Mfano wa mazungumzo

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya kufundishia, nayo yameandikwa kwa Kiswahili sanifu. Mteja wa siku nyingi ameletewa bukari, sombe na makayabu, yaani samaki wa chumvi. Amengoja wateja wengine wapungue, kisha amemfuata mwenye mkahawa pembeni.

– Jambo, mama. Poleni na kazi.
– Jambo, baba. Asante. Umeshiba?
– Nimekula, mama. Sombe ya leo ilikuwa nzuri kama siku zote. Mnisamehe, ningependa kusema neno moja, maana hapa ni kwetu.
– Sema tu, baba.
– Chumvi ya makayabu imezidi sana. Nimeshindwa kumaliza kipande. Na jana ilikuwa hivyo hivyo.
– Pole sana, baba. Makayabu hulowekwa usiku kucha, na maji hubadilishwa. Tangu juzi maji hayatoki bombani; nimeloweka kwa ndoo moja tu. Ilinipasa niache kuyapika.
– Sasa nimeelewa. Labda siku kama hizi wateja waambiwe mapema, wachague kitu kingine.
– Ni kweli. Kesho nitapika samaki wabichi.
– Basi kesho nitakuja kuwala.

Mambo matano yaonekane. Kwanza, salamu imetangulia, tena salamu inayoitambua kazi. Pili, sifa iliyotolewa ni ya kweli na ya kitu maalumu. Sifa ya jumla kabla ya lawama hunuka hila. Tatu, kosa limetajwa kwa kitenzi kisicho na mtendaji, bila kupunguzwa, pamoja na siku lilipoonekana. Nne, hakuna aliyeulizwa mbona, na kwa sababu hiyo mama ametoa sababu mwenyewe na kulichukua kosa lake. Ikumbukwe kwamba tatizo lilikuwa ndoo moja ya maji, uzembe haukuwamo. Mteja aliyeanza kwa hasira angemhukumu mtu kwa kosa la bomba. Tano, mazungumzo yameishia katika ahadi ya kurudi, ambayo ndiyo inayomhakikishia mpishi kwamba amelaumiwa na rafiki.

Mahali nako kumesaidia. Kosa linaloweza kurekebishwa papo hapo, kama bukari uliopoa, huambiwa mhudumu mara moja, chakula kingali mezani. Kosa linalorudiwa huambiwa mwenye mkahawa faraghani. Kumwambia mbele ya wateja wengine ni kumfedhehesha, hata kwa maneno ya asali. Na kumshtaki mhudumu kwa tajiri wake kabla ya kusema naye kunaweza kumpunguzia mshahara kwa kosa la jikoni.

Hitimisho

Shuleni adabu hufundishwa kama orodha ya maneno: tafadhali, samahani, asante. Mifano iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba adabu imo ndani zaidi, katika uchaguzi wa kauli ya kitenzi, wa nafsi, wa hali na wa jina la kumwitia mwenzako. Mwanafunzi ajuaye kunyambua kitenzi ungua hadi unguza, lakini asijue ni lini aseme samaki ameungua, amejifunza nusu ya sarufi.

Mficha uchi hazai, wasema Waswahili. Mteja anayemficha mpishi kosa lake kwa sababu ya haya humnyima nafasi ya kulirekebisha, na anayemtupia kosa hilo usoni humnyima nguvu ya kulipokea. Kati ya hao wawili yuko yule asemaye chumvi imezidi, akatazama chini kidogo, akangoja jibu, na kesho yake akarudi kuketi mahali pake.