Ekografi ya moyo: yaliyomo kwenye karatasi na yasiyoonekana

Mtu akitoka kupimwa moyo kwa ekografi mjini Kolwezi, mkoani Lualaba, hukabidhiwa karatasi ya Kifaransa yenye picha za kijivu, herufi kubwa na namba. Maoni ya daktari yako chini kabisa, lakini jicho la familia hukimbilia namba iliyo mbele ya herufi FEVG. Ikisomeka 60%, hofu inaingia nyumbani: moyo wa baba umebaki nusu na kidogo.

Hofu hiyo haina msingi. FEVG inaeleza ni sehemu gani ya damu iliyojaa katika chumba kikubwa cha kushoto inayosukumwa nje kila moyo unapopiga. Hakuna moyo unaomwaga damu yote. Moyo mzima hutoa takriban asilimia 55 hadi 70, kwa hiyo 60 isisomwe kama alama za shule ambako ukamilifu ni 100. Kwa mgonjwa wa moyo, madaktari huhesabu 50 na zaidi kuwa nguvu ingalipo, 41 hadi 49 kuwa imepungua kidogo, na 40 kushuka chini kuwa imepungua. Tena, mpaka wa chumba huchorwa kwa jicho na mkono wa mpimaji. Ukipata 58 mwezi wa tatu na 54 mwezi wa tisa, huenda moyo haujabadilika hata kidogo.

Chombo chenyewe si mgeni sana kwa watu wa migodi ya shaba. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walielekeza kwenye moyo mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, wakitumia mashine iliyotengenezwa kukagua kasoro ndani ya metali. Sauti hugonga ukuta wa moyo na kurudi, na muda wake wa kurudi ndio unaochora picha. Kipimo hiki hakina mionzi, na mama mjamzito hupimwa bila wasiwasi.

Baada ya FEVG, angalia kuta. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini huwa na unene wa milimita 6 hadi 10 kwa mwanaume, na hadi 9 kwa mwanamke. Herufi HVG zinamaanisha kuta za chumba cha kushoto zimenenepa, na mara nyingi chanzo ni presha iliyokaa miaka bila dawa. Moyo wa namna hiyo unaweza kuwa na FEVG nzuri huku mwenyewe akihema kwa kupanda ngazi, kwa sababu umekakamaa na haujai vizuri.

Kisha vali. Maneno “fuite minime” yanaeleza uvujaji mdogo, ambao hukutwa hata kwa watu wengi wenye afya. Mtoto ambaye vali zake zimeanza kuharibiwa na homa ya baridi yabisi ni habari nyingine. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waligundua kwa ekografi watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huo, wengi wakijiona wazima. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Hapa Lualaba swali linaloulizwa mapema ni kama kobalti inayochimbwa huku hudhuru moyo. Lina sababu. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba madini chini ya nyumba zao. Kobalti katika mkojo na damu yao ilizidi ile ya majirani wa mtaa usio na machimbo, na watoto walikuwa nayo nyingi zaidi.

Kwamba kobalti inaweza kuua moyo, Quebec nchini Kanada ilijionea miaka ya 1965 na 1966. Viwanda vya bia vilitia chumvi ya kobalti ili povu lidumu. Karibu wanywaji 50 walivimba moyo, na 20 hivi wakafa. Hao walikunywa sana na kula vibaya, kwa hiyo kobalti haikufanya kazi peke yake. Kwa wafanyakazi wa viwandani majibu yamepishana: utafiti wa Finland wa 2004 uliona kwa ekografi mabadiliko madogo katika namna moyo unavyolegea na kujaa, ilhali ule wa Ubelgiji wa 2013 haukukuta dalili za moyo kutanuka.

Hapo ndipo ekografi inapofika mwisho wa uwezo wake. Moyo uliotanuka kwa kobalti, kwa pombe, kwa virusi, au kwa mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, kwenye skrini hufanana. Daktari hutofautisha kwa kuuliza, na mgonjwa anayeficha kwamba ni mchimbaji, au kwamba hunywa kila jioni, anamnyima nusu ya majibu. Mwambie umefanya kazi wapi, miaka mingapi, kwenye vumbi gani. Muulize moyo wako una shida gani, nini huenda kimeileta, na lini urudi. Lakini aliyevimba miguu, au anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, aende hospitali leo bila kungoja tarehe ya kipimo.

Anayeanza kazi ya kobalti bila kupimwa hatakuwa na cha kulinganisha miaka kumi ijayo, na kampuni itamwambia kwa urahisi kwamba moyo wake ulikuwa hivyo tangu zamani. Kwa hiyo karatasi ya kwanza, hata isiyoonyesha tatizo lolote, itunzwe pamoja na kadi ya mpiga kura.