Kipupwe si Wakati wa Kujifungia Ndani



Ikiwa unaishi Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya au Lushoto, unaijua vizuri baridi ya Juni na Julai. Asubuhi ukungu hufunika mabonde. Majani yamelowa umande. Huko juu Kitulo, umande huo huganda na kuwa mweupe kama chumvi. Vidole vinakufa ganzi. Maji ya kunawa yanauma.

Watu wengi hufanya nini wakati huo? Hujifunika blanketi na kukaa jikoni karibu na moto. Mlango umefungwa. Dirisha limefungwa. Moshi umejaa ndani. Babu anakohoa. Bibi anafuta machozi. Mtoto yuko mgongoni mwa mama yake, naye anavuta moshi huo huo.

Leo tunazungumza juu ya dawa moja ya kipupwe. Dawa hii haiuzwi dukani. Ni kutembea. Tena ni kutembea kwa kujifurahisha, bila mzigo.

KWA NINI KUNA BARIDI

Mwezi wa Juni jua huwa limehamia upande wa kaskazini. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kuleta hewa ya baridi. Tena kadiri unavyopanda mlima, baridi huongezeka. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi karibu 6. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam anavaa shati tu, nawe siku hiyo hiyo umevaa koti.

Lakini kipupwe kina uzuri wake. Mvua za masika zimekwisha. Njia zimekauka, hazina utelezi. Ukungu ukiondoka, jua huwaka bila kuchoma. Ukisimama juu ya kilima unaona mbali, mlima nyuma ya mlima. Mabondeni vinyungu vimestawi mboga, njegere na viazi. Huu ni wakati mzuri wa kutembea kuliko miezi mingi ya mwaka.

"MBONA TUNATEMBEA KILA SIKU?"

Labda unasema, "Mimi ni mkulima. Natembea kila siku. Matembezi ni mambo ya watu wa mjini."

Maneno hayo yana ukweli. Mama anayekwenda kutafuta kuni na kuchota maji amekwisha kutembea vya kutosha. Hatumwambii aongeze safari. Yeye anahitaji kupunguziwa mzigo. Mtu mwenye mzigo wa kuni kichwani hatazami milima. Anatazama mahali pa kukanyaga. Shingo inauma, na mawazo yake yote yako nyumbani: moto, chakula, watoto.

Kwa hiyo tunamwambia baba: Jumapili hii beba wewe kuni. Mwache mama atembee mikono mitupu. Mtembee pamoja. Mtazungumza mambo ambayo nyumbani hamkupata nafasi ya kuyazungumza.

Lakini wako wengine ambao hawatembei. Wako wazee waliokwisha kuwaachia watoto jembe. Wako mafundi cherehani na wenye maduka, ambao hukaa kitako kutwa. Wako vijana ambao pikipiki huwapeleka kila mahali. Na wakati wa baridi, baada ya mavuno, hata mkulima huweza kukaa siku nyingi karibu na moto.

BABU NA MJUKUU

Tuchukue mfano. Babu amekaa jikoni tangu asubuhi. Mjukuu wake anaingia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, twende tukaangalie vinyungu."

"Baridi hii? Magoti yananiuma."

"Tutakwenda polepole. Tukifika kwenye mti ule tutarudi."

Babu anavaa koti na kofia. Anachukua fimbo yake. Wanafika kwenye mti, na wanarudi. Kesho wanavuka mti. Wiki ya pili wanafika bondeni. Njiani wanakutana na watu. "Kamwene," babu anasalimu. "Kamwene," wanamjibu. Anapata habari za msiba na za harusi. Anamwonyesha mjukuu mpaka wa shamba la zamani. Anamtajia majina ya miti, na kazi ya kila mti. Jikoni mambo hayo yasingemjia kichwani. Jioni anakula vizuri. Usiku anapata usingizi.

Babu huyo hakutibiwa magoti yake yote. Lakini sasa magoti yanakunjika vizuri zaidi, na yeye amerudi katikati ya watu.

MWILI UNAFANYA NINI

Ukitembea, misuli hutumia chakula ulichokula na kutoa joto. Ndiyo maana baada ya dakika kumi hivi unafungua kifungo cha koti. Moto wa jikoni hukupasha upande mmoja tu. Kutembea hukupasha mwili mzima.

Moyo hupata mazoezi, ukawa na nguvu. Mapafu hupata hewa safi isiyo na moshi. Viungo havikakamai. Kutembea mara kwa mara husaidia kupunguza shinikizo la damu, na husaidia kuzuia ugonjwa wa kisukari. Akili nayo hupata nafuu. Mtu aliyejifungia ndani na mawazo yake huona shida kubwa kuliko ilivyo. Akitoka nje kwenye mwanga wa mchana, mara nyingi moyo hutulia.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi dakika 150 au zaidi kila wiki. Hizo ni kama dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki. Kutembea kwa haraka kidogo ni mazoezi ya namna hiyo.

JINSI YA KUTEMBEA

1. Ngoja ukungu uondoke na jua litoke.

2. Vaa nguo mbili au tatu nyepesi, moja juu ya nyingine. Ukipata joto utavua moja. Funika kichwa na masikio.

3. Vaa viatu. Soksi zikilowa umande, zibadilishe ukirudi.

4. Anza polepole. Baridi hubana mishipa ya damu, na shinikizo la damu hupanda. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu aulize kwanza kwenye zahanati.

5. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa kitambaa, maana hewa ya baridi huweza kuamsha pumu. Achukue na dawa yake.

6. Kunywa maji, hata kama husikii kiu.

7. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama. Omba msaada, uende zahanati.

8. Rudi kabla ya jua kutua.

HATARI YA JIKO LA MKAA

Kabla hatujaagana, tunakuonya juu ya jambo moja kubwa. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haijui inapoingia. Familia nzima huweza kulala na isiamke. Toa jiko nje kabla ya kulala. Ongeza blanketi, si mkaa.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha walichimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Walijifunza kwamba afya huanza kwa mtu mwenyewe. Neno hilo halijazeeka.

Kwa hiyo kesho, ukungu ukiondoka, fungua mlango. Mwite babu. Mwite jirani yako aliye peke yake. Nendeni mpaka kwenye mti ule, mrudi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chako, nani hukaa ndani siku nzima wakati wa baridi? Nani atamtembelea?

2. Nani hubeba kuni na maji nyumbani kwako? Mnaweza kugawanaje kazi hiyo?

3. Jiko lako hulala wapi usiku?