Kuzimikazimika kwa Pikipiki Hakutaki Ramli

Katika vijiwe vya bodaboda hapa Kisauni, kuanzia Mlaleo hadi Mtopanga, pikipiki zinazonyunyiziwa petroli kwa injekta zimeanza kuchanganyika na zile za kabureta tulizozizoea. Ufundi wetu, hata hivyo, haujahama. Pikipiki ikitetemeka na kuzimika kijana anapoachia mkono wa mafuta, fundi hushika bisibisi kama zamani. Asipoona skrubu ya kukaza, huagiza sensa. Sensa isipofaa, huagiza pampu. Huku si kutengeneza, ni kupiga ramli, na mlipaji ni kijana ambaye jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri, pikipiki iwe imetembea au haikutembea.

La kusikitisha ni kwamba elimu ya kazi hii imo madarasani mwetu. Petroli huungua sawasawa ikipata hewa yenye uzito takriban mara 14.7 ya uzito wake. Kompyuta ndogo ya pikipiki hupima hewa inayoingia, joto la injini na jinsi kilango cha hewa kilivyofunguka, kisha huamua injekta ifunguke kwa elfu ngapi za sekunde. Swali la fundi basi ni hili: kilichopotoka ni hewa, petroli, umeme, au kipimo chenyewe?

Na aanze na yasiyogharimu. Afungue swichi bila kuwasha injini, asikilize pampu: hunguruma kwa muda mfupi, kisha hunyamaza. Isiponguruma, atazame fyuzi, nyaya na betri kabla ya kuilaumu. Taa ya injini ikipepesa, ahesabu mipepeso, kwani katika pikipiki nyingi hiyo ni namba ya kosa, na kitabu cha ufundi hueleza maana yake. Hewa yetu ya chumvi nayo hula vichwa vya nyaya. Nimeona pikipiki iliyohukumiwa kununuliwa sensa ikapona kwa kusafishwa vichwa hivyo tu.

Wengi hushangaa: mbona pikipiki yakimbia vizuri barabarani, ikafia kwenye foleni ya Kongowea? Sababu ni kwamba mkono wa mafuta ukiachiwa, hewa hupita katika upenyo mwembamba mno. Masizi kidogo pale, au ufa mdogo kwenye mpira unaoungana na injini, huvuruga hesabu yote. Kilango kikiwa wazi, kasoro hiyo hiyo haionekani.

Petroli nayo isisahauliwe. Mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na mafuta mengine ya magari. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, hivyo injini baridi ndiyo hulalamika kwanza. Mwalimu atakaye kulionyesha hili darasani na adondoshe tone la kila moja juu ya kioo, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali, wanafunzi watazame lipi litakauka kwanza.