Kwikwi: bana pumzi, nailoni iweke mbali

Wakulima wanaoteremka Milima ya Uluguru alfajiri na mizigo ya ndizi na mboga hufika Morogoro mjini na njaa kali. Chai ya moto, chapati mbili za harakaharaka, na mara mmoja wao anashikwa na kwikwi. Hapo kila aliye jirani hugeuka tabibu. Huyu anasema bana pumzi, yule anasema kunywa mafunda saba bila kupumua, na wa tatu anadai kuna mtu anamtaja huko kijijini.

Ushauri wa pumzi una mantiki. Kwikwi huanza pale kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinapojikunja ghafla bila kuamriwa. Hewa huingia kwa kasi, nyuzi za sauti hufunga njia, ndipo ule mlio hutoka. Kula kwa pupa, soda, pombe na chakula cha moto sana huweza kukichokoza. Mtu akibana pumzi, hewa ya ukaa huongezeka kwenye damu, na inaelekea hiyo ndiyo hukituliza.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kubana pumzi sekunde kumi hadi ishirini akiwa amekaa hakuna madhara. Akisikia kizunguzungu, aache. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo ni bora ajaribu maji au kijiko cha sukari kavu. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba sukari ilikata kwikwi za wagonjwa 19 kati ya 20. Ni watu wachache, lakini jaribio lenyewe halina gharama.

Hatari iko kwenye mfuko. Wapo wanaoshauriwa kupumulia ndani yake ili waivute tena hewa ya ukaa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za kufungia karanga na sukari bado zimejaa madukani na majumbani. Nailoni hunata puani na mdomoni mtu anapovuta pumzi. Kwa mtoto, hicho ni kifo cha dakika chache. Kichanga mwenye kwikwi acheulishwe tu, asizibwe pua.

Charles Osborne wa Iowa, Marekani, alikaa na kwikwi tangu 1922 hadi 1990. Visa kama chake ni nadra mno, ila kwikwi ndefu huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa figo, tumbo au ubongo. Ikipita saa 48, au ikiandamana na maumivu ya kifua, usingoje tena mafunda saba: nenda kituo cha afya.