Faida ya Kutembea Msituni kwa Utulivu

Zamani, mzee aliyeletewa shauri zito hakulikata papo hapo. Alichukua fimbo yake, akaenda peke yake kando ya mto, na aliporudi jioni neno lake lilikuwa tayari.

Mtu wa mjini siku hizi hana nafasi hiyo. Asubuhi husongamana ndani ya matatu, mchana huinama mezani, na usiku simu humwita hata kitandani. Akili yake huzunguka jambo lile lile, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2015 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa habari za makundi mawili ya watu. Kundi moja lilitembea dakika 90 penye nyasi na miti. La pili lilitembea muda ule ule kando ya barabara yenye motokaa nyingi. Waliotoka penye miti walipunguza kujiwazia mabaya, na sehemu ya ubongo ihusikayo na mawazo hayo ilitulia. Wale wa barabarani hawakupata nafuu hiyo. Basi si miguu tu ifanyayo kazi, bali na mahali pia.

Wakazi wa Nairobi wana bahati, kwa kuwa msitu wa Karura, wenye hektari 1,000 hivi, uko mlangoni pao. Lakini bahati hiyo ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu ziligawiwa watu waliotaka kujenga. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti, akapigwa hata akatoka damu kichwani. Hawakukata tamaa, na msitu ukaokoka. Hata hivyo watu waliogopa kuingia kwa sababu ya wanyang'anyi, mpaka ulipozungushiwa uzio wa umeme. Tangu mwaka 2011 wazee kwa vijana wamekuwa wakitembea humo bila hofu.

Lakini afaidiye si yule aendaye mbio huku akisema na simu. Simu na izimwe. Aende peke yake, au na mwenzi ajuaye kunyamaza. Atazame mihugu na mianzi, asikilize kima na maporomoko ya maji. Mwanzoni shida zake zitamfuata kama mbwa wa nyumbani. Asizifukuze. Atakapofika mtoni nyingi zitakuwa zimebaki nyuma, na ile iliyo na haja ya kujibiwa ataiona wazi.

Aishiye mbali na Karura asivunjike moyo. Njia ya shambani yenye kivuli yatosha, mradi iwe kimya na aiendee mara kwa mara.

Miti hiyo ilipiganiwa ili isimame. Itakuwa hasara kubwa ikisimama bure, hali watu wanalemewa na mawazo karibu nayo. Wahenga walisema kweli: mwenda pole hajikwai.