Jicho Likitulia, Moyo Nao Hutulia

Katika nyumba nyingi za siku hizi kimo chombo kidogo ambacho babu zetu hawakuwa nacho, yaani simu yenye jicho la kupigia picha. Kwa chombo hiki mtu aweza kujichosha, tena kwa chombo hiki hiki aweza kujipumzisha. Leo twataka kunena habari za jambo hili la pili. Maana wako wengi kati yetu ambao mioyo yao imechoka: mwalimu aliyesimama mbele ya darasa kubwa tangu asubuhi, mama apimaye mtama wa mwisho ghalani ilhali mvua bado, kijana aliyemaliza masomo wala hajaona kazi. Hawa hawana nauli ya kwenda mbali ili kupumzika. Walakini wanayo nchi yao, nayo iko mlangoni.

Nchi hii ya katikati, Ugogo na jirani zake, aghalabu husemwa vibaya na wapitaji. Penye mji wa Dodoma iko juu ya bahari kadiri ya meta 1,100. Mvua zake huanza Desemba na kwisha Aprili. Miezi iliyosalia ni jua, upepo na vumbi. Apitaye kwa haraka huona miiba na mawe tu. Lakini atulizaye jicho huwaona pimbi wakiota jua juu ya mwamba. Huwaona kasuku wadogo wa kijani, wenye ukosi wa manjano, wakiingia katika tundu la mti. Nao ni ndege ambao makao yao ya asili ni Tanzania. Na afikaye Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, huwaona mwari na korongo wakivua samaki.

WATAZAMAJI WA ZAMANI

Kutazama hivyo si jambo geni katika nchi hii. Huko Kondoa, karibu na kijiji cha Kolo, mna mapango na miamba zaidi ya 150 yenye picha zilizochorwa na watu wa kale, nyingi kwa rangi nyekundu: twiga, tembo, na watu wembamba warefu. Bibi Mary Leakey alizinakili nyingi mwaka 1951, na kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 1983. Mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi fikirini: aliyemchora twiga yule hakuwa na kamera. Bila shaka alimtazama mnyama kwa muda mrefu, hata umbo lake likakaa moyoni, ndipo akalitia mwambani. Kazi ya kwanza ilikuwa ya macho, ya mkono ikafuata.

Miaka mingi sana baadaye, mwanzoni mwa karne ya ishirini, Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alisafiri pande za Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Alikuwa mwindaji, akaua wanyama wengi. Lakini alileta pia kamera nzito, sahani za kioo, na unga wa kutoa mwali wa nuru usiku. Mizigo hiyo yote ikachukuliwa na wapagazi. Usiku aliitega kamera kama mtu ategavyo mtego, akangoja. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha picha hizo, na baadaye akasimama kuwatetea wanyama wasiangamizwe. Angalieni tofauti: bunduki humaliza habari ya mnyama, bali kamera humwacha aende zake, naye mtazamaji amebaki na kitu mkononi.

JE, KAMERA YATULIZA KWELI?

Hapa yatupasa kusema kweli, maana wako waliokuwa na picha elfu katika simu, wala mioyo yao haina raha. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hili. Mwaka 2014 Bibi Linda Henkel wa Marekani alitoa habari za watu waliotembezwa katika nyumba ya makumbusho. Vitu vingine walivipiga picha, vingine walivitazama tu. Kesho yake walivikumbuka kidogo zaidi vile walivyovipiga picha, kana kwamba waliiachia kamera kazi ya kukumbuka. Lakini walipoambiwa waisogeze kamera wapige sehemu moja tu ya kitu, hawakupotewa na kumbukumbu hiyo.

Kisha mwaka 2016 Bibi Kristin Diehl na wenzake wakaonyesha ya kuwa wapigao picha aghalabu hulifurahia jambo kuliko wasiopiga, kwa kuwa nia yao imezama ndani yake. Walakini kamera ikimsumbua mtu na kumkatiza, faida hiyo hupungua.

Ukiyaweka maneno haya pamoja, wapata fundisho moja. Kamera haina utulivu ndani yake. Ikikufanya upige na kupita, hukunyang'anya. Ikikufanya usimame, uchague na kungoja, hukupa. Kinachotuliza moyo si picha, bali kule kutazama kunakoitangulia.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, chagua mahali pamoja karibu na nyumba: mti, mwamba, au ukingo wa korongo la mto mkavu. Parudie kila juma. Atafutaye mahali papya kila siku huona mengi asijue hata moja.

Pili, chagua saa. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta jua hupanda na kushuka upesi, kwa hiyo nuru laini ya asubuhi na ya jioni haikai sana. Fika kabla yake. Adhuhuri nuru ni kali, nayo huvifanya vivuli kuwa vyeusi na vitu kuwa vyeupe mno. Uifikapo sehemu yako, izime sauti ya simu, ili asikuite mtu.

Tatu, usipige upesi. Simama, vuta pumzi polepole mara kumi. Taja kimoyomoyo vitu vitatu unavyoviona na sauti moja uisikiayo. Ndipo upige picha moja au tatu, wala si hamsini. Subira huvuta heri, na hapa heri yenyewe i katika subira.

Nne, uwe na adabu. Usivuruge kiota ili kupata picha, wala usimkaribie mnyama wa hatari. Ukienda Kolo, usiiguse michoro wala usiimwagie maji ili rangi ikolee, maana huharibika. Na mtu yeyote, hata mtoto achungaye mbuzi, aombwe ruhusa kwanza.

MBUYU NA MOYO ULIOKATA TAMAA

Twawashauri hasa mchague mbuyu. Upigeni picha mwezi wa Agosti, nao umesimama uchi, matawi yake kama mizizi iliyoelekea mbinguni. Mgeni angedhani umekufa. Endeleeni kila juma. Ndani ya shina lake yamo maji uliyoyaweka tangu mvua zilizopita, na mara nyingi majani huanza kuchipuka kabla mvua hazijashika. Kisha huja maua meupe makubwa yaning'iniayo. Hufunguka jioni, popo huyajia usiku, na siku ya pili huanguka, asiyengoja hayaoni. Mwezi wa Februari wekeni picha ya Agosti kando ya ile mpya. Mtu aliyechoka na miezi ya njaa akiona picha hizo mbili, ameona kwa macho yake ya kuwa ukavu si mwisho wa habari, tena huona juhudi yake mwenyewe: majuma ishirini na zaidi alitoka nyumbani wala hakuacha. Hilo humpa nguvu ya kuishika na kazi nyingine.

Walimu nao wasiseme, "Shule yetu haina kamera." Kateni dirisha dogo katika karatasi ngumu, kila mtoto atazame kwa dirisha hilo, achague sehemu moja ya dunia, kisha aichore au aieleze kwa maneno. Jicho litafundishika vile vile.

Hatusemi ya kuwa picha ni dawa ya kila huzuni. Mwenye huzuni isiyoondoka, asiyelala wala asiyekula, na aende kwa daktari, na jamaa zake wasimwache peke yake. Lakini uchovu wa kila siku waweza kupunguzwa kwa nusu saa ya jioni na jicho lililotulia. Basi, enyi wazazi, Jumamosi ijayo toka na watoto wako kabla jua halijashuka. Simu iwe moja kwa nyumba nzima, na kila mmoja apige picha moja tu. Mkirudi, kaeni pamoja, kila mtu aeleze kwa nini alichagua aliyoichagua.